AMIN ALIWAFUNGIA, SASA WANAPIGA GITAA! Ijumaa jioni na Wayahudi wa Mbale

Ijumaa jioni, msomaji wangu, tunajuana. Mshahara uwe umeingia au haujaingia, mtu anapiga pasi shati, anawatafuta washikaji, "vipi, leo tunaangukia wapi?" Sasa sikia hii. Kule Mbale, mashariki ya Uganda, kuna kilima kinaitwa Nabugoye. Jua likikaribia kuzama siku hiyo hiyo ya Ijumaa, vijana wa pale nao wanaoga, wanavaa za kutokea, wanakata njia za mgombani kuelekea sinagogi. Gitaa lipo, ngoma ipo, mabinti wapo. Wanachoimba ni zaburi, tena kwa Kiebrania kilichochanganywa na Kiganda.

Ndiyo, sinagogi. Hujakosea kusoma. Ni Wayahudi weusi kama mimi na wewe, walaji wa matoke, na hawakuletwa na ndege kutoka kokote. Wenyewe wanajiita Abayudaya, yaani watu wa Yuda. Inakisiwa wako kama 2,000 hivi, wametawanyika katika vijiji vya Mbale na wilaya za jirani.

Hapa mjini ukitaja Myahudi kijiweni, papo hapo watu wanarukia siasa za Mashariki ya Kati, ubishi unawaka mpaka kahawa inapoa kwenye kikombe. Leo siendi huko. Nataka nikupe habari ya hawa majirani zetu, maana kuna swali moja waliulizwa babu zao na wajukuu bado wanaulizwa: "Nyie kweli ni Wayahudi?"

MZEE ALIMAINDI

Mambo yalianza na mzee mmoja mbishi, Semei Kakungulu. Alikuwa jemadari wa Kiganda, na mwisho wa karne ya 19 ndiye aliyewasaidia Waingereza kuiweka mashariki ya Uganda chini ya bendera yao. Hata mji wa Mbale unamhesabu yeye kuwa mwanzilishi. Mwenyewe alitegemea kuwa baada ya kazi yote ile atapewa ufalme wa huko alikokuteka. Wapi! Waingereza wakampiga longolongo, wakamgeuza mtumishi wa serikali kama watumishi wengine. Mzee akamaindi.

Akaachana na kanisa la wakubwa, akaingia kwa Wamalaki, dhehebu lililoshika Jumamosi na kukataa dawa za hospitali. Lakini mzee alikuwa na tabia moja: akikuta jambo limeandikwa kwenye Agano la Kale, analitaka lifanyike kama lilivyo. Mwaka 1919 akafika kwenye tohara. Inasimuliwa kwamba wenzake wakamwambia, hiyo ni ya Wayahudi bwana, sisi hatumo. Akawajibu kuwa kama ni hivyo, basi yeye tangu siku hiyo ni Myahudi. Akatahiriwa, na wanawe pia, akaondoka na wafuasi wake.

Hebu fikiria. Hapakuwa na mmisionari wa Kiyahudi aliyemfuata wala mtu aliyemgawia unga na mitumba ili abadili dini. Kitabu tu. Baadaye, mwaka 1920, ndipo akapita kwao Myahudi mmoja mgeni, anayekumbukwa kwa jina la Yosef, akakaa nao miezi kadhaa akiwaelekeza kalenda ya sikukuu na habari za kuchinja na vyakula. Mwaka 1922 Kakungulu akatoa kitabu chake cha sala na kanuni kwa Kiganda. Miaka sita baadaye akafariki, na jumuiya ikabaki na wazee wa vijijini.

Tena tazama wamekaa na nani. Mbale ni nchi ya Wagisu, watu wa imbalu. Kila mwaka wa namba shufwa, kijana wa Kigisu anapakwa kimea cha mtama mwili mzima, anachezeshwa ngoma siku kadhaa, kisha anasimama mbele ya umati anakatwa bila ganzi na bila kupepesa jicho. Hapo ndipo anaitwa mwanaume. Mtoto wa Kiyahudi yeye mambo yake yanamalizwa siku ya nane tangu kuzaliwa, hana habari. Jaribu sasa kuwa na miaka 18 pale Mbale mwezi wa Agosti, ngoma zinapita barabarani, rika lako lote liko kwenye vumbi, wewe umeshatahiriwa zamani lakini hakuna mtu aliyekuona ukisimama. Mimi ningehama mji.

Kasheshe lenyewe lilikuja na Idi Amin. Alichukua nchi mwaka 1971, na baada ya muda akapiga marufuku dini yao. Masinagogi yakafungwa, vitabu vikafichwa, watu wakawa wanasali majumbani kwa kunong'ona. Inasimuliwa kuna mzee aliyekamatwa kwa sababu ya ibada, na kilichomtoa mikononi mwa askari ni mbuzi zake. Wengi waliona isiwe taabu, wakahamia kanisani au msikitini. Wakati Amin anaondoka walikuwa wamebaki kama 300.

Na hapo alipoondoka ndipo Mtanzania unapoingia. Tarehe 11 Aprili 1979, Jumatano, wanajeshi wetu na wenzao wa Uganda waliiteka Kampala. Jioni ya siku hiyo hiyo, jua lilipozama, kwa kalenda ya Kiyahudi ndiyo ilikuwa inaingia Pasaka, sikukuu ya kukumbuka Waisraeli walivyotoka utumwani Misri. Hakuna aliyepanga. Yule mzee wa mtaani kwenu anayesimulia vita vya Kagera kila akipata glasi mbili, siku ile alikuwa anawaza buti zake zilizoloa. Hakujua kwamba kuna watu Mbale ambao kwao yeye ameingia na Pasaka.

KAHAWA, NYIMBO NA GRAMMY

Walioamsha tena moto ni vijana, tena wa umri wako. Miaka ya 1980 walijikusanya Nabugoye, wakawa wanalima pamoja, wanasoma pamoja, wanatunga nyimbo. Zaburi za zamani wakazitia mapigo ya kwao. Kundi hilo ndilo lililotoa majina mawili ambayo leo yanajulikana mbali.

La kwanza ni Gershom Sizomu. Huyu alipelekwa Los Angeles kusomea urabi, miaka mitano, akapewa daraja mwaka 2008. Wengi wangekata mitaa hukohuko Marekani. Yeye akarudi Nabugoye. Mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini wakamchagua awe mbunge wao, na wapiga kura wengi wa pale ni Wakristo na Waislamu, Wayahudi ni wa kuhesabu. Mwaka huohuo sinagogi jipya, linaloitwa Stern, likafunguliwa juu ya kilima.

La pili ni J. J. Keki, mkulima na mwanamuziki. Tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York, na asubuhi ile alikuwa njiani kwenda kutembelea yale majengo pacha. Akaona kwa macho yake yaliyotokea. Aliporudi kijijini akapita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake wa dini zote na wazo moja: tuuze kahawa pamoja. Mwaka 2004 ikaanza Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu, ushirika wa wakulima Wayahudi, Waislamu na Wakristo wa miteremko ya mlima Elgon, na kahawa yao ikapata mnunuzi California. Watu wanaopenda makongamano ya amani kwenye mahoteli makubwa wangekwenda kwanza kwa huyu mzee wakaone amani inavyopimwa kwa kilo.

Nyimbo nazo hazikubaki kijijini. Mwaka 2003 kampuni ya Smithsonian Folkways ya Marekani ilitoa albamu ya nyimbo za Abayudaya, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Grammy. Sasa wewe mwanamuziki wa Bongo unayesema studio ya mtaani kwenu ndiyo inakukwamisha, sijui utasemaje.

Siku za kazi, maisha ya pale ni ya kijiji chochote cha huko. Watu wanalima, wanafuga, wanasomesha. Ipo shule ya msingi ya Hadassah, na ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, na madawati yanachanganya watoto wa dini zote tatu. Mbale mjini kipo kituo cha afya cha Tobin, cha jumuiya hiyohiyo, na mlangoni hakuna anayeulizwa dini.

Pagumu ni Jumamosi. Kuanzia Ijumaa jua linapozama mpaka Jumamosi usiku hawafanyi kazi, hawawashi moto, hawaandiki. Chakula kinapikwa mapema kinahifadhiwa. Kijijini hilo linawezekana. Lakini kijana aliyefika chuo kikuu akakuta mtihani umewekwa Jumamosi saa tatu asubuhi, afanye nini? Ndugu zetu Wasabato waliwahi kuishtaki Makerere kwa jambo hilihili, wakafika mpaka Mahakama ya Juu ya Uganda, na mwaka 2006 wakashindwa. Kwa hiyo kila muhula mtu anachagua upya.

Na huyo aliyeacha mtihani kwa ajili ya Sabato ndiye bado anaulizwa kama ni Myahudi kweli! Mwaka 2002 marabi kutoka Marekani na Israeli walikuja Mbale, wakakaa kama mahakama ya dini, wakawahoji watu na kuwazamisha majini, mamia wakapokelewa rasmi. Hebu jiweke mahali pa bibi aliyefunga na kusali kwa siri wakati wa Amin, leo anaambiwa aingie majini ili awe kile alichokuwa siku zote. Wapo waliopokea kwa furaha. Wapo wengine, hasa wa kijiji cha Putti, walioona bora wafuate mkondo wa Orthodoksi, na wakaenda njia yao. Ndiyo, hata watu 2,000 wanaweza kugawanyika, usidhani ni chama chako tu.

Hata hivyo mwaka 2018 wizara ya mambo ya ndani ya Israeli ilimkatalia kijana mmoja wa Abayudaya aliyeomba kuhamia huko kama Myahudi. Kanuni zao wanazijua wenyewe. Mimi najiuliza tu, ni Wayahudi wangapi wa mijini Ulaya au Marekani wanaoijua Ijumaa jioni kama inavyojulikana Nabugoye?

KAMA UNATAKA KWENDA

Mwaka wa pale una shughuli tele. Mwaka mpya wao, Rosh Hashana, unaangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na pembe la kondoo dume linapulizwa. Siku ya kumi ya mwaka huo mpya ndiyo Siku ya Upatanisho, wanafunga kama saa 25, hakuna chakula wala tone la maji. Siku chache tena ndiyo inaingia Sukkot, Sikukuu ya Vibanda, na hii ndiyo ningekushauri uilenge. Kila familia inajenga kibanda cha miti na majani, inakula humo wiki nzima. Wayahudi wa New York wanahangaika kutafuta majani ya kuezeka, Mbale migomba imewazunguka. Shoshana Nambi, binti wa jumuiya hiyo, ametoa kitabu cha watoto kuhusu vibanda hivyo mwaka 2022. Desemba kunakuwa na Hanuka, mishumaa ya usiku nane, mara nyingi mitaa ya Mbale ikiwa imeshachangamkia Krismasi.

Halafu Machi au Aprili ndiyo Pasaka. Siku nane hakuna mkate, hakuna mandazi, na kwa kijana wa Uganda adhabu kubwa zaidi: hakuna rolex. Siyo saa, ni ile chapati iliyoviringishwa na mayai. Matoke ruksa.

Njia ni hii. Fika Nairobi, panda basi la Kampala linalopita Malaba. Pale mpakani utawakuta bodaboda, na usiwadharau, maana jina lenyewe lilizaliwa kwenye mipaka ya huko. Shuka Tororo, chukua matatu mpaka Mbale, kisha pikipiki ikupandishe Nabugoye. Peleka taarifa mapema kama unataka kulala, wana nyumba ya wageni. Mwanaume atapewa kikofia cha kichwani, dada zangu vaeni gauni la heshima. Hutaulizwa dini yako. Ukiulizwa kitu, labda ni kama unaweza kuimba.

Ila ukiingia Ijumaa, kamera weka begini na simu izime. Picha utapiga Jumamosi usiku, nyota tatu zikishaonekana.