Soma Ufa Kabla ya Kuuziba

Jumapili asubuhi, tarehe 3 Februari 2008, tetemeko la ukubwa wa 5.9 liliipiga Bukavu na majirani zetu wa ng'ambo ya mto Ruzizi, Rwanda. Kuta zilianguka, watu wakafa. Tarehe 14, siku 11 baadaye, likaja lingine lililozidi 5.

Sisi wa Uvira tunaishi katika bonde lilelile la ufa, tumebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika. Septemba 1960 tetemeko la 6.5 lilitikisa ncha hii ya kaskazini ya ziwa hilo. Desemba 2005 la 6.8 likatokea upande wa Kalemie.

Kwa nini ardhi hairidhiki na mara moja? Mwamba ukikatika, mzigo uliokuwa umeubeba huwaangukia majirani zake, nao hukatika mmoja mmoja. Matetemeko hayo ya baadaye hupungua kwa mpangilio: siku ya kwanza yakiwa 100, siku ya kumi hukaribia 10. Ila kinachopungua ni idadi. Nguvu haina zamu, na la siku ya kumi laweza kuyashinda yote ya siku ya pili. Kwa kawaida, kubwa kuliko yote ya baadaye huwa pungufu kwa kama 1.2 kuliko lile la kwanza. Baada ya 6.5, basi, tarajia hata la 5.3. Nyumba nzima ingeweza kulistahimili. Iliyokwisha kupasuka huenda isiweze.

Kwa hiyo zisome nyufa, kwanza ukiwa nje. Ufa mwembamba kama unywele, ulioishia kwenye lipu, si wa kukutoa nyumbani. Ogopa ule unaoanzia pembe ya dirisha au mlango na kushuka mshazari ukikata matofali. Zikikutana nyufa mbili kama msalaba, ukuta huo umekwisha nguvu. Ogopa pia kuta mbili zilizoachana kwenye kona, ukuta uliotoka tumbo, na mbao za paa zilizochomoka mahali pake. Nyumba ya matofali mabichi isiyo na mkanda wa zege juu ya milango haina cha kuzishika kuta zake pamoja. Hiyo usilale ndani.

Ufa unaoutilia shaka, weka alama ya kalamu kwenye ncha zake na uandike tarehe. Ukivuka alama, ukuta bado unatembea.

Angalia na kiwanja chenyewe. Mchanga wenye maji karibu na ziwa na kwenye midomo ya mito kama Mulongwe waweza kulegea kama uji ukitikiswa, nyumba ikazama upande mmoja. Walio mlimani wachungulie mipasuko ya ardhi juu ya nyumba zao: mvua ikiingia humo, udongo uliolegezwa na tetemeko huporomoka. Na unayelala nje, usitandike mkeka chini ya ukuta wa uzio.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walisema kweli, lakini baada ya tetemeko, fundi anayekimbilia kupaka lipu anaficha dalili, hatibu ugonjwa. Acha ufa wazi, uusome wiki kadhaa, kisha mwite fundi aubomoe ukuta uliokufa na kuujenga upya kwa mkanda wa zege. Lipu iwe ya mwisho.