Soda Isiyo na Sukari na Vinywaji vya Kushika Nafasi Yake

Ulimi wa mwanadamu hudanganyika kwa urahisi. Mwaka 1879 mkemia Constantin Fahlberg, aliyekuwa akifanya kazi katika maabara ya Ira Remsen kwenye Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliketi kula mkate akauona mtamu kupita kiasi. Utamu huo haukutoka katika mkate bali katika vidole vyake, vilivyokuwa na mabaki ya kitu kilichotengenezwa kutokana na lami ya makaa ya mawe. Ndivyo ilivyogunduliwa sakarini. Aspatemu nayo ilijulikana kwa bahati kama hiyo mwaka 1965, pale James Schlatter, aliyekuwa katika utafiti wa dawa ya vidonda vya tumbo, aliporamba kidole ili aokote karatasi. (Mwalimu yeyote wa kemia angewakemea wote wawili, kwani katika maabara hakionjwi kitu.)

Aspatemu ina utamu unaozidi ule wa sukari ya kawaida mara 200 hivi. Kwa hiyo chembe chache zatosha kukoleza chupa nzima, ilhali soda ya kawaida ya mililita 330 huwa na gramu 35 hivi za sukari, yaani vijiko vinane au tisa vya chai. Mgonjwa wa kisukari aliyeiacha soda ya sukari akashika hii nyingine amejipunguzia mzigo mkubwa, wala hastahili kulaumiwa. Kwa nini basi ashauriwe kuiacha hii nayo?

Sababu inayotajwa mno ni saratani, nayo ndiyo iliyo dhaifu. Mwezi Julai 2023 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani waliiweka aspatemu katika kundi la vitu ambavyo huenda vikaleta saratani, wakikiri kwamba ushahidi ni mdogo. Wakati huo huo kamati inayochunguza viungo vya vyakula haikubadili kiwango kilichoruhusiwa: miligramu 40 kwa siku kwa kila kilo ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 70 angehitaji kunywa makopo tisa au zaidi kwa siku ili akivuke. Walio katika hatari ya wazi ni wachache waliozaliwa na kasoro ya kushindwa kuivunja fenilalanini, ambayo hupatikana ndani ya aspatemu.

Sababu zenye uzito zaidi ni nyingine. Mwezi Mei 2023 Shirika hilo lilishauri kwamba viongeza utamu visivyo sukari visitumiwe kwa nia ya kupunguza unene, kwa kuwa faida yake haikuonekana kudumu. Ushauri huo haukuwahusu watu ambao tayari wana kisukari. Aidha, soda hizi zina asidi ya fosfori au ya sitriki. Enameli ya jino huanza kuyeyuka pH inaposhuka chini ya 5.5 hivi, na soda nyingi zina pH kati ya 2.5 na 3.5. Kuondolewa kwa sukari hakuiondoi asidi.

Anayeiacha ghafula soda yenye kafeini aweza kuumwa kichwa katika saa 12 hadi 24. Kafeini hubana mishipa ya damu ya ubongo. Ikikosekana, mishipa hutanuka. Maumivu hayo huweza kuendelea kwa siku kadhaa, na wengi huyachukua kuwa dalili ya malaria au ya uchovu. Yafaa kupunguza hatua kwa hatua, chupa moja kila baada ya siku chache.

Na badala yake? Maji yaliyokaa mtungini yana ubaridi wa kutosha na hayana gharama. Mchaichai au tangawizi iliyochemshwa bila sukari humfaa anayetafuta harufu na ukali. Choya hupendeza kwa wekundu na uchachu wake, lakini nayo ina asidi, kama maji ya ndimu. Ni heri inywewe pamoja na chakula kuliko kuonjwa kutwa nzima. Madafu yana sukari kidogo na potasiamu nyingi, kwa hiyo mwenye maradhi ya figo amwulize daktari kwanza.

Kosa kubwa ni kukimbilia juisi. Maji ya machungwa hayapitwi sana na soda ya kawaida kwa wingi wa sukari, na maji ya miwa huizidi. Ubuyu na ukwaju wa mitaani nao hutiwa sukari kwa ukarimu. Mwenye kisukari anayebadili hivyo atakuwa amerudi alikotoka.

Ipo hali moja tu ambapo sukari ndiyo dawa. Anayetumia insulini akianza kutetemeka, kutoka jasho na kuchanganyikiwa, huenda sukari ya damu yake imeshuka mno. Akiwa bado aweza kumeza, apewe upesi soda ya sukari au maji yaliyokorogwa sukari. Ile isiyo na sukari, hata ikiwa ndiyo pekee iliyo karibu, haitampandisha hata kidogo.