Mto wa Mezani Unaoweza Kusimamisha Kifaru

Kwa ambaye hajawahi kuuona, mchezo wa vita wa mezani ni kama drafti iliyotoroka kwenye ubao wake. Badala ya miraba kuna vilima, miti na barabara. Badala ya kete kuna askari na vifaru vidogo vya plastiki. Umbali unapimwa kwa rula, matokeo yanaamuliwa na dadu. Wachezaji wengi hutumia siku nzima kupaka rangi kifaru kimoja, halafu mto wanaumaliza kwa dakika tano: utepe wa bluu umelazwa juu ya nyasi, basi. Hapo ndipo mchezo unapoharibika.

Mto vitani si pambo. Ni swali: tunavuka wapi? Chukua Vita vya Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Tanzania na kukalia ardhi iliyo kaskazini mwa Mto Kagera. Mwezi uliofuata daraja la Kyaka likalipuliwa, na kabla JWTZ haijapeleka vifaru ng'ambo, ilibidi kwanza itafutwe njia ya kuvuka. Ukitaka kucheza vita hiyo mezani, mto wako lazima ujibu swali hilo kwa macho tu. La sivyo mtakesha mkibishana: "Hapa panapitika!" "Hapapitiki, bwana!"

Anza na vipimo. Kwenye skeli ya 1:100, mita moja ya kweli ni sentimita moja mezani. Mto wa mita 60 utachukua sentimita 60, na meza ya kawaida ni sentimita 180 kwa 120. Yaani nusu ya meza imekwenda kabla hujaweka hata nyumba moja. Ndiyo maana waundaji huubana upana: sentimita 12 hivi kwa mto mkubwa, 4 kwa kijito. Huko si kudanganya, maana hata masafa ya bunduki hubanwa kwenye michezo mingi.

Pili, umbo. Mito haipindi ovyo. Pima kutoka kona moja hadi kona inayofuata ya upande uleule: mara nyingi umbali huwa kati ya mara 10 na 14 ya upana wa mto. Kwa hiyo mto wa sentimita 12 utapata nafasi ya herufi S moja tu kwenye meza nzima. Anayeweka kona sita anatengeneza utumbo, si mto.

Kwenye kona, maji hukimbia zaidi upande wa nje. Yanakula udongo, kingo inasimama wima na kina kinaongezeka. Upande wa ndani yanapoa, yanaacha mchanga, na ufukwe unashuka taratibu. Kati ya kona mbili, pale mto unaponyooka, kina mara nyingi hupungua. Ukiunda hivyo, mchezaji anausoma mto kama mwanajeshi: kingo wima, kifaru hakitoki, mahali palipochanua na kuonyesha mchanga, jaribu bahati yako. Kifaru cha T-55, ambacho Uganda ilikuwa nacho, hupita maji ya mita 1.4 bila maandalizi maalumu. Kwa skeli yetu hizo ni milimita 14 tu.

Vifaa havihitaji kumaliza bumu. Tafuta lile povu gumu jeupe linalokuja kwenye maboksi ya friji na TV. Kata kipande cha unene wa sentimita 2, kigundishe juu ya plaiwudi nyembamba, kisha chonga mkondo hadi ufike kwenye mbao. Mto sasa uko chini ya ardhi, unapostahili kuwa. Paka gundi nyeupe ya maseremala kwenye kingo na sakafu ya mto, nyunyiza mchanga uliochekechwa, acha ukauke. Angalizo: rangi nyingi za kopo la kupuliza huyeyusha povu hilo, kwa hiyo tumia rangi za maji.

Halafu sahau bluu. Mto uliobeba udongo ni wa kahawia. Weka kahawia iliyokolea na kijani kidogo penye kina, ukipausha kadiri unavyokaribia mchanga. Kwa Kagera ongeza mafunjo: nyuzi za katani za sentimita 4, zilizopakwa kijani na kuchanuliwa juu. Lakini magugumaji usiweke. Gugu hilo lilianza kuonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Kwenye meza ya 1978 ni mgeni aliyewahi mno.

Maji yenyewe ni vanishi ya maji inayong'aa: mikono mitatu hadi mitano, kila mmoja ukauke kabla ya unaofuata. Ukitaka viwimbi, gongagonga silikoni isiyo na rangi kwa brashi kuukuu, ukifuata mkondo. Resini ya epoksi inapendeza zaidi, ila ni ghali na hutoa joto inapoganda. Ukiimimina nene inaweza kuharibu povu. Mimina tabaka nyembamba, vaa glavu, na usifanyie chumba cha hosteli mnacholala wanne madirisha yakiwa yamefungwa.

Kabla ya kurusha dadu ya kwanza, pitisheni kidole mtoni wote wawili na mkubaliane: hapa miguu inapita, hapa magari, hapa hapiti mtu bila daraja au boti. Mto uliotengenezwa vizuri, mazungumzo hayo huchukua dakika moja. Baada ya hapo daraja moja tu linakuwa na thamani kuliko vifaru vyako vyote, na aliyesahau kulilinda atajua hajui.