Seneta wa Ng'ambo ya Ziwa: Nani Humchagua, na Nani Hupanga Siku?

Sehemu ya Pili

KATIKA sehemu ya kwanza ya makala haya tulieleza kwa nini baadhi ya nchi huwa na mabaraza mawili ya kutunga sheria. Tulisema kwamba baraza la kwanza huhesabu watu na la pili huhesabu maeneo, ili mkoa wenye watu wachache usimezwe na mkoa wenye watu wengi. Baraza hilo la pili ndilo liitwalo Seneti katika nchi nyingi. Leo tunaingia kwenye namna maseneta wanavyopatikana.

Jambo hili si geni kwetu tunaoishi Katubuka na mitaa mingine ya Kigoma Ujiji. Kila siku Kibirizi hupokea maboti kutoka Kongo na Burundi. Mfanyabiashara wa Kalemie anayeshusha mzigo pale ana maseneta wanne wanaouwakilisha mkoa wake huko Kinshasa. Mwenzake wa Nyanza-Lac ana wawili. Mwenyeji wao wa Kigoma hana hata mmoja, kwa sababu Tanzania ina Bunge la nyumba moja tu. Hivyo somo letu liko karibu, hatuna haja ya kupanda ndege kulifuata.

Sheria za uchaguzi wa maseneta ni ndefu na zina vifungu vingi, lakini msomaji akishika maswali matatu hatapotea. La kwanza: nani anapiga kura? La pili: nani anapanga siku ya kura? La tatu: siku ikipita bila uchaguzi kufanyika, nini kinatokea? Wanasiasa hupenda kujibu mawili ya kwanza. La tatu hulikwepa, na ndilo linaloonyesha kama sheria ina meno.

Mfano wa kale: Marekani

Tuanze mbali kidogo, kwa kuwa nchi nyingi ziliiga huko. Katiba ya Marekani, iliyoandikwa mwaka 1787, ilitoa maseneta wawili kwa kila jimbo, wa muhula wa miaka sita. Waliowachagua hawakuwa wananchi bali wajumbe wa mabunge ya majimbo. Ibara ya kwanza, sehemu ya nne, ililiachia bunge la kila jimbo kupanga muda, mahali na utaratibu wa uchaguzi, ila Bunge la taifa lilipewa uwezo wa kubadili kanuni hizo wakati wowote. Kitu kimoja tu lilizuiwa kukigusa: mahali pa kuchagulia maseneta. Maseneta walichaguliwa ndani ya mabunge ya majimbo, na kama taifa lingepanga mahali, lingekuwa linayaamuru mabunge hayo yakutane wapi.

Kwa miaka mingi kila jimbo lilikwenda na kalenda yake. Mwaka 1866 Bunge la taifa likaweka utaratibu mmoja: mabaraza ya bunge la jimbo yapige kura kila moja peke yake, yasipokubaliana yakutane pamoja kesho yake, na asipopatikana mshindi yaendelee kupiga kura kila siku. Sheria hiyo ilipanga siku, lakini haikuweza kuwalazimisha wajumbe wakubaliane. Jimbo la Delaware lilizozana hadi likakaa bila seneta hata mmoja kati ya mwaka 1901 na 1903. Mivutano ya namna hiyo, pamoja na tuhuma za rushwa, iliwachosha watu, na mwaka 1913 Katiba ikarekebishwa kwa mara ya kumi na saba. Tangu hapo seneta wa Marekani huchaguliwa na wananchi wenyewe.

Kongo: muhula wa miaka mitano uliodumu kumi na miwili

Sasa tuvuke ziwa. Katiba ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo ya tarehe 18 Februari 2006 inasema seneta anauwakilisha mkoa wake, lakini dhamana yake ni ya taifa zima. Anachaguliwa na wajumbe wa baraza la mkoa kwa miaka mitano. Kila mkoa una maseneta wanne, isipokuwa jiji la Kinshasa lenye wanane. Kwa mikoa 25 na Kinshasa, jumla ni maseneta 108 wa kuchaguliwa. Marais wastaafu waliopata urais kwa kura huingia Seneti maisha yao yote bila kuchaguliwa tena.

Swali la kwanza, basi, limejibiwa: raia wa Kalemie hampigii kura seneta. Anamchagua mjumbe wa baraza la mkoa, na mjumbe ndiye anayemchagua seneta. Mabaraza hayo ni madogo. Hata la Kinshasa lina wajumbe 48 tu. Kura chache zikibeba kiti kikubwa, kila moja huwa na bei. Katika uchaguzi wa Machi 2019 baadhi ya wagombea walilalamika hadharani kwamba wajumbe walikuwa wakidai fedha. Matokeo yalipotoka, wafuasi wa chama cha UDPS walimiminika barabarani Kinshasa kupinga, kwani chama chao kilikuwa na wajumbe katika baraza la jiji lakini hakikupata seneta hata mmoja pale. Tarehe 18 Machi Rais Félix Tshisekedi alisimamisha kuapishwa kwa maseneta wapya. Baadaye zuio likaondolewa na Seneti ikaanza kazi.

Swali la pili: Tume ya Uchaguzi, CENI, ndiyo inayotangaza kalenda. Lakini kalenda ya maseneta haisimami yenyewe. Lazima kwanza mabaraza ya mikoa yachaguliwe, ndipo yapate kuwachagua maseneta. Uchaguzi wa mikoa ukikwama, wa Seneti unakwama nao.

Hapo ndipo swali la tatu linapouma. Katiba ya Kongo inasema dhamana ya seneta inakwisha pale Seneti mpya inapoanza kazi. Kifungu hiki kiliwekwa kwa nia njema, ili nchi isikae bila baraza. Lakini maana yake ni kwamba pasipokuwa na uchaguzi, aliyemo anabaki. Maseneta waliochaguliwa Januari 2007 walitakiwa kumaliza mwaka 2012. Uchaguzi wa mabaraza ya mikoa haukufanyika hadi Desemba 2018, na maseneta hao wakakaa hadi mwaka 2019, yaani miaka kumi na miwili kwa muhula wa miaka mitano. Katikati ya kipindi hicho, mwaka 2015, mkoa wa Katanga uligawanywa kuwa mikoa minne: Tanganyika, Haut-Lomami, Lualaba na Haut-Katanga. Maseneta wa Katanga waliendelea kuketi Kinshasa kwa niaba ya mkoa usiokuwapo tena, wakati Tanganyika, mkoa wa jirani zetu wa Kalemie, ulisubiri hadi 2019 kupata maseneta wake wa kwanza.

Mzunguko uliofuata ulikwenda vizuri zaidi, ingawa si bila kuahirishwa. Mabaraza ya mikoa yalichaguliwa tarehe 20 Desemba 2023, na sehemu kubwa ya mikoa ikachagua maseneta mwishoni mwa Aprili 2024.

Burundi: ramani inapobadili idadi

Tukitoka Kigoma kwa barabara ya Manyovu tunaingia Burundi, ambako Seneti ilizaliwa upya kutokana na vita. Mkataba wa Arusha uliotiwa saini tarehe 28 Agosti 2000, baada ya usuluhishi ulioanzishwa na Mwalimu Nyerere na kukamilishwa na Nelson Mandela, ulitaka chombo ambamo kabila moja halitalishinda jingine kwa wingi wa watu. Ndiyo sababu kila mkoa wa Burundi hutoa maseneta wawili, mmoja Mhutu na mmoja Mtutsi. Batwa huongezewa viti vitatu, na wanawake hawapaswi kupungua asilimia 30. Wanaopiga kura ni madiwani wa komini za mkoa husika, wanaokutana pamoja kama jopo la wachaguzi.

Hapa tena mwananchi anapiga kura mara moja, kwa diwani, na diwani anampigia seneta. Chama kilichoshinda komini kimeshashinda Seneti kabla karatasi za pili hazijachapishwa. Katika uchaguzi wa Julai 2025 chama tawala cha CNDD-FDD kilichukua viti vyote kumi vilivyogombewa.

Msomaji makini atauliza: vipi viwe kumi tu? Baada ya uchaguzi wa 2020 Seneti ya Burundi ilikuwa na watu 39, yaani wawili kwa kila mkoa katika mikoa 18, pamoja na Batwa watatu. Mwaka 2023 sheria ilipunguza mikoa hadi mitano: Buhumuza, Bujumbura, Burunga, Butanyerera na Gitega. Kanuni ya wawili kwa kila mkoa haikuguswa hata nukta, lakini Seneti ikashuka hadi watu 13. Hili ni fundisho kubwa. Anayechora mipaka ya mikoa ana sauti katika uchaguzi wa maseneta, hata asipoigusa sheria ya uchaguzi. Nyanza-Lac, iliyokuwa katika mkoa wa Makamba, sasa imo Burunga, na inagawana maseneta wawili na eneo kubwa zaidi la kusini.

Kenya: tarehe ndani ya Katiba

Kenya imepita njia mbili. Seneti yake ya kwanza ilianza mwaka 1963 ikiwa na watu 41. Mwishoni mwa 1966 iliunganishwa na Baraza la Wawakilishi lililokuwa na wabunge 117 wa majimbo ya uchaguzi, likapatikana Bunge moja la wabunge 158 wa majimbo. Maseneta wakawa wabunge pasipo mwananchi kurudi kwenye sanduku la kura.

Katiba ya mwaka 2010 iliirudisha Seneti kwa sura nyingine. Kaunti 47 huchagua seneta mmoja kila moja, kwa kura ya moja kwa moja. Vyama huongeza wanawake 16, vijana wawili na watu wawili wenye ulemavu, kulingana na viti vilivyopata. Pamoja na Spika, jumla ni 68. Mgombea binafsi naye anaruhusiwa, mradi aungwe mkono na wapiga kura 2,000 wa kaunti yake.

Tofauti kubwa iko kwenye siku. Kenya haikumwachia Rais wala Tume kuchagua tarehe. Ibara ya 101 inasema uchaguzi wa maseneta utafanyika Jumanne ya pili ya Agosti kila mwaka wa tano, siku moja na uchaguzi mkuu. Ukiondoa ule wa mpito wa tarehe 4 Machi 2013, tarehe zimefuatwa: 8 Agosti 2017, kisha 9 Agosti 2022. Mtoto wa shule mwenye kalenda anaweza kukuambia kwamba unaofuata ni tarehe 10 Agosti 2027. Mpinzani wa Turkana na waziri wa Nairobi wanaijua tarehe hiyo kwa usawa, na huo ndio mwanzo wa haki.

Hata hivyo, tarehe bila chombo cha kuitekeleza haitoshi. Katiba hiyo hiyo inasema kiti kikiwa wazi, Spika aiarifu Tume ndani ya siku 21, na uchaguzi mdogo ufanyike ndani ya siku 90 tangu kiti kiwe wazi. Seneta wa Baringo, William Cheptumo, alifariki dunia Februari 2025. Wakati huo Tume ya uchaguzi, IEBC, haikuwa na makamishna, kwani nafasi zao zilikuwa wazi tangu Januari 2023. Makamishna wapya waliapishwa Julai, na Baringo ikapiga kura tarehe 27 Novemba 2025. Kaunti nzima ilikaa bila seneta wa kuchaguliwa kwa miezi tisa, si kwa ubaya wa kanuni, bali kwa kukosa watu wa kuitekeleza.

Sisi tuko wapi?

Mtu atasema mambo haya hayatuhusu kwa kuwa hatuna Seneti. Yanatuhusu. Kwanza, Bunge letu lina wabunge watano wanaopatikana kwa njia inayofanana na ya maseneta wa Kongo: huchaguliwa na Baraza la Wawakilishi la Zanzibar miongoni mwa wajumbe wake, kwa mujibu wa Ibara ya 66 ya Katiba. Pili, siku ya uchaguzi wetu mkuu haimo ndani ya Katiba. Hutangazwa na Tume. Tatu, tunajua wenyewe jinsi tarehe iliyotangazwa inavyoweza kupotea. Kura ya maoni kuhusu Katiba Inayopendekezwa ilipangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015, ikaahirishwa, na hadi leo haijafanyika. Ahadi ni deni, lakini deni lisilo na siku ya kulipwa halidaiki.

Kwa maoni yangu, mifano ya majirani inatupa hukumu iliyo wazi. Seneta anayechaguliwa na watu arobaini humwogopa kila mmoja wa hao arobaini, wala hamwogopi mvuvi wa mwambao. Tarehe iliyomo ndani ya Katiba ni bora kuliko iliyomo mfukoni mwa kiongozi au tume. Na sheria inayomwacha aliyepo abaki madarakani hadi mwingine apatikane, bila kuweka ukomo, humpa sababu ya kutotaka mwingine apatikane.

Siku mjadala wa Katiba mpya utakaporudi Tanzania, na pendekezo la baraza la pili likaletwa mezani, nawaomba wasomaji wa Kigoma msikimbilie kuuliza kuhusu mishahara na idadi ya viti. Ulizeni maswali yale matatu, na la tatu lisimamieni hadi lijibiwe kwa maandishi.

Wiki ijayo tutaangalia Bunge la Afrika Mashariki huko Arusha, ambalo wabunge wake tisa kutoka kila nchi huchaguliwa kwa kanuni zinazotungwa na bunge la nchi husika, na kesi zilizofikishwa mahakamani kwa sababu ya kanuni hizo.