Gunia la Ngumi na Nguvu za Mwili

Somo hili ni kwa ajili yako wewe unayetaka mwili wenye nguvu, wala huna fedha za kununua vyombo vya mazoezi. Pengine wewe ni mwalimu, au karani, au mshonaji anayekaa mbele ya cherehani kutwa nzima. Pengine wewe ni dereva wa lori. Au daktari amekuambia kwamba una ugonjwa wa sukari, naye amekuagiza kuutumikisha mwili. Umewaona vijana wakipiga gunia lililofungwa mtini, nawe unatamani kuwa na lako nyumbani. Ni tamaa njema. Lakini watu wengine huja hospitali mkono umevimba, kwa sababu walifunga gunia mtini kabla ya kujua mkono ni kitu gani. Basi tuanze na mkono.

MKONO SI NYUNDO

Tangu kifundo cha mkono mpaka ncha za vidole kuna mifupa 27. Karibu yote ni midogo. Mkono ni wa kushika: hushika jembe, na sindano, na mtoto. Ukikunja ngumi unaugeuza kuwa nyundo, lakini mifupa yake inabaki ile ile.

Fanya jambo hili sasa, hapo ulipo. Kwa mkono wako wa kuume shika mfupa wa kiganja cha kushoto, ule ulio nyuma ya kidole kidogo, uutikise. Unakwenda huku na huku kidogo, sivyo? Sasa shika ule ulio nyuma ya kidole kinachofuata gumba. Huo hautikisiki. Ndiyo sababu twasema: gunia lipigwe kwa vifundo viwili vya kwanza, cha kidole kinachofuata gumba na cha kidole cha kati. Mtu asiyefundishwa hupiga kwa kuzungusha mkono, na kifundo cha kidole kidogo ndicho kinachofika kwanza. Hapo mfupa ule dhaifu huvunjika karibu na kichwa chake. Madaktari wameuita mvunjiko huu kwa jina la wapiga ngumi. Lakini mara nyingi wanaoupata si wapiga ngumi waliofundishwa. Ni watu waliopiga ukuta kwa hasira, au gunia gumu bila kujua.

Mtu aliyevunjika hivi hawezi kushika jembe kwa nguvu kwa muda wa majuma 4 mpaka 6, pengine zaidi. Fikiri ni wakati wa kupanda. Nani atalima?

Utajuaje kwamba umevunjika? Kunja ngumi polepole. Kama kifundo cha kidole kidogo kimezama hakionekani, au kama kidole kinapanda juu ya jirani yake, usikubali kukandwa kwa maji ya moto wala kuvutwa na mtu kijijini. Njoo hospitali upigwe picha ya mifupa. Mfupa ukiunga vibaya, kidole kitabaki kimepinda siku zote.

Tena kuna jambo moja ambalo si la gunia, lakini ni vema kulisema hapa. Kama umempiga mtu kinywani na jino lake limekukata juu ya kifundo cha kidole, njoo siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo kama punje ya mtama. Uchafu wa kinywa huingia ndani ya kiungo, na kidole huweza kuoza. Wengine huona haya kusema walikuwa wakigombana, nao hukaa nyumbani siku 3. Mganga hakuulizi ili akuhukumu. Anataka kujua dawa gani itafaa.

GUNIA LA NAMNA GANI?

Watu hufikiri gunia gumu ndilo linalomfanya mtu kuwa mgumu. Sivyo. Gunia jema linakubali ngumi. Ukilibonyeza kwa kiganja, linaingia ndani kidogo, kisha linarudi.

Usijaze mchanga. Siku ya kwanza ni laini, lakini kila ngumi inaushusha, na baada ya juma moja chini ya gunia pamekuwa kama jiwe. Unga wa mbao peke yake nao hushuka na kushikamana, hasa ukipata unyevu. Jaza matambara: nguo kuukuu zilizokatwa vipande vidogo. Ondoa kwanza vifungo na zipu zote, maana zitakukata. Tia matambara kidogo, yashindilie kwa mti, tia tena, shindilia tena, mpaka juu. Kazi hii huchukua nusu ya siku, na inafaa kufanywa na watu wawili. Usiifanye kwa haraka, kwa kuwa gunia lililojazwa vibaya lina mashimo mahali fulani na mawe mahali pengine.

Kwa nje, turubai nene iliyoshonwa mara mbili inatosha. Magunia mawili ya nailoni, moja ndani ya lingine, yanafaa kwa miezi michache, lakini huchuna ngozi. Yafunike kwa kitambaa. Kuna vijana wanaofunga magurudumu ya gari yaliyochakaa, moja juu ya lingine. Mpira huo ni mgumu, na wengine una waya ndani. Sisi hatuusifu kwa mtu anayeanza.

Uzito je? Wafundishaji wengi husema gunia liwe kama nusu ya uzito wa mtu. Mtu wa kilo 60 atumie gunia la kilo 30 hivi. Likiwa jepesi sana litaruka ruka na kukupinda kifundo. Likiwa zito sana litakaa kama ukuta. Urefu wa meta 1 na upana wa sentimeta 35 ni kipimo kizuri kwa nyumba nyingi. Sehemu ya chini ifike kiunoni mwako, na katikati ya gunia pawe mbele ya kifua.

Mahali pa kulifunga ni jambo kubwa. Usilifunge kwenye mti wa paa la nyumba. Kila ngumi inavuta paa, na kama mchwa wamekwisha kula ndani, hutajua mpaka siku litakapoanguka. Tawi nene, bichi, la mwembe ni bora. Au simamisha nguzo mbili na boriti juu yake. Zungusha kipande cha mpira wa gurudumu juu ya tawi, kisha kamba ipite juu ya mpira huo, isije ikakatika kwa kusuguana.

KUFUNGA MIKONO

Hata gunia laini halipigwi kwa mkono mtupu. Chukua shuka ya kale, ukate utepe wenye upana wa sentimeta 5 na urefu wa meta 4 na nusu, mmoja kwa kila mkono. Panua vidole. Anza kwa kuzungusha gumba, kisha kifundo cha mkono mara 3, kisha juu ya vifundo vya vidole mara 3 au 4, upitishe katikati ya vidole, urudi kumalizia kwenye kifundo cha mkono. Kunja ngumi. Kama vidole vinakufa ganzi au kuwa baridi, umekaza mno. Kama una glavu, zivae juu ya vitambaa hivi. Kwa mtu mzima glavu nzito za gramu 400 au 450 hulinda mkono kuliko zile nyepesi za mashindano.

Gumba likae nje ya ngumi, juu ya vidole, si ndani. Kifundo cha mkono kinyoke, hata ungeweza kulaza kalamu tangu mkono wa mbele mpaka vifundo vya vidole.

Kila mtu awe na vitambaa vyake. Afue kwa sabuni baada ya kila zoezi na kuvianika juani. Ngozi ya vidole huchubuka, damu hubaki katika kitambaa, na mba na upele hupita kwa njia hiyo. Hata ugonjwa wa mpox, ambao umesumbua nchi yetu, huweza kupita katika nguo za mgonjwa.

NGUVU HAITOKI KATIKA NGUMI

Ngumi huanza katika mguu. Mguu unasukuma udongo, kiuno kinageuka, bega linafuata, mkono ni wa mwisho. Kwa hiyo majuma 3 ya kwanza fanya kazi ya mwili tu, na gunia ulipige polepole kama mtu anayebisha mlango.

Chuchumaa na kuinuka, mara 10. Lala kifudifudi ujiinue kwa mikono, mwili umenyoka kama ubao. Kama huwezi, anza kwa kuegemea meza au magoti chini. Chukua bidoni la maji, uiname mgongo ukiwa umenyoka, ulivute mpaka ubavuni. Lita 5 ni kilo 5, lita 20 ni kilo 20. Kwa hiyo unaongeza maji kidogo kidogo kadiri unavyopata nguvu, wala huhitaji chuma cha kununua. Acha kila zoezi ungali unaweza kufanya mara 2 nyingine. Pumzika, rudia mara 3. Usizuie pumzi unapoinua: toa pumzi wakati wa nguvu. Jambo hili ni la lazima kwa mwenye shinikizo la damu, maana kuzuia pumzi huipandisha damu ghafula.

Baadaye piga gunia dakika 2, pumzika 1. Wapiga ngumi wenyewe hupigana dakika 3 na kupumzika 1, desturi iliyoandikwa katika sheria za Uingereza za mwaka 1867. Usikimbilie hapo. Wazee wetu wanakumbuka tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, nchi ilipoitwa Zaire. George Foreman alikuwa na miaka 25, naye ameshinda mara 40 bila kushindwa. Waliomtazama akifanya mazoezi walisema gunia lilibaki na shimo mahali alipopiga. Muhammad Ali, mwenye miaka 32, alijiegemeza kwenye kamba akamwacha apige. Katika sehemu ya 8 Foreman alikuwa amechoka, akaangushwa. Mikono ilikuwa na nguvu, pumzi ilikuwa imekwisha. Kwa hiyo ruka kamba pia, au tembea mbio mbio.

Siku ngapi kwa juma? Mazoezi ya nguvu siku 2 au 3, zisizofuatana. Shirika la Afya Ulimwenguni, katika maagizo yake ya mwaka 2020, linataka mtu mzima apate dakika 150 mpaka 300 za mwendo wa kadiri kwa juma, na kazi ya misuli siku 2 au zaidi. Misuli hujengwa wakati wa kupumzika, kwa chakula: maharagi, karanga, samaki, mayai, soya pamoja na sombe. Ugali peke yake haujengi.

Nawe mama unayetoka shambani na mzigo wa kuni mgongoni, somo hili si amri juu yako. Wewe umekwisha kufanya zoezi kupita karani. Afadhali mumeo ndiye apige gunia, au abebe kuni.

WENYE KUNGOJA

Mwenye homa asifanye zoezi lolote. Aliyepasuliwa tumbo, mwenye ngiri, na mama mwenye mimba waulize hospitali kwanza. Mtu anayeumwa kifua akipanda mlima asiguse gunia kabla ya kupimwa. Mwenye ugonjwa wa seli mundu asijichoshe sana, anywe maji mengi, apumzike mara kwa mara. Mwenye sukari anayepigwa sindano ya insulini ale kitu kabla, na awe na sukari au ndizi karibu, kwa sababu misuli inapofanya kazi huinywa sukari ya damu. Tena avae viatu.

Wazee wengine wa kanisa huuliza kama gunia si kuwafundisha vijana kugombana. Sisi twajibu juu ya mwili tu: gunia halina ubongo. Mapigo ya kichwa, hata yale yasiyomwangusha mtu, hudhuru ubongo yakirudiwa miaka mingi. Na katika nchi yenye malaria kama yetu kuna hatari nyingine. Watu wengi, hasa watoto, wana bandama iliyovimba, upande wa kushoto chini ya mbavu. Pigo dogo la mchezo laweza kuipasua, na damu ikamwagika ndani ya tumbo. Basi wavulana wasipigane tumboni kwa mzaha. Mtoto akipigwa hapo, kisha akawa mweupe macho, akatokwa jasho la baridi, akasikia maumivu mpaka bega la kushoto, mchukueni hospitali mara moja, hata usiku.

Wakati wa mvua ingizeni gunia ndani jioni. Likilowa huongezeka uzito, matambara huoza, na kamba hudhoofika. Kila Jumamosi vuteni kamba kwa uzito wa watu wawili kabla ya mtu kupiga.