Kodi ya Nyumba: Daftari Liko Wazi, Nani Alisoma?

Mtu akiletewa karatasi ya kodi ya nyumba, jicho lake hukimbilia chini kabisa, mahali palipoandikwa jumla. Akiisha kuiona hupiga kite, hutafuta fedha, hulipa, na karatasi huingia kabatini. Yaliyoandikwa juu ya jumla hiyo hayasomi, kwa kuwa ayaona kuwa ni mambo ya makarani. Leo twapenda kuyazungumza hayo ya juu, kwa sababu huko ndiko mtu anakoonewa, na ile jumla ni matokeo tu.

Ili tusiseme kwa kubahatisha, tutachukua mahali pamoja panapojulikana: Kaunti ya Cook katika jimbo la Illinois, nchi ya Marekani, ambamo umo mji wa Chicago. Kaunti ni sehemu ya utawala iliyo chini ya jimbo, na hiyo ya Cook ina zaidi ya viwanja na majengo 1,800,000 katika vitabu vyake. Tumeichagua kwa kuwa daftari lake la kodi liko wazi kwa kila mtu, awe mwenye nyumba au mpita njia, na siku hizi husomwa kwa intaneti bila kulipa hata senti moja. Tena wako ndugu zetu wasemao Kiswahili, hasa waliotoka Kongo, ambao wameufanya mji huo makao yao, na kwao jambo hili si hadithi ya mbali.

Sisi wa Tanzania Bara tumezoea njia nyingine. Tangu mwaka 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anunuapo umeme wa LUKU, kwa kiwango kilichopangwa, na wala si kwa kupima thamani ya nyumba. Njia hiyo ina wepesi wake, hatukatai. Lakini imewafanya wapangaji wengi walipe kodi ya nyumba zisizo zao, na mlipaji haoni karatasi yo yote ya kuuliza habari zake. Kule Cook karatasi ipo. Shida ni kuisoma.

Kwanza yafaa kujua nani afanya nini, maana kazi imegawanywa katika ofisi kadha wa kadha, na mtu akigonga mlango usio wake atazungushwa siku nzima. Mthamini wa Kaunti ndiye akadiriaye thamani ya nyumba. Baraza la Mapitio, lenye wajumbe watatu, husikiliza rufani za wale wasioridhika na makadirio hayo. Karani wa Kaunti hupiga hesabu ya kiwango cha kodi. Mweka Hazina hupeleka ankara na kupokea fedha. Wote hao huchaguliwa kwa kura za wananchi. Basi anayemlalamikia Mweka Hazina kwamba nyumba yake imekadiriwa kupita kiasi apoteza wakati wake bure, kwa kuwa huyo hana uwezo wa kuibadili hata dola moja ya makadirio.

Pili, nyumba katika daftari haijulikani kwa jina la mwenyewe. Hujulikana kwa namba yenye tarakimu 14, iliyokatwa vipande vitano: viwili vya kwanza huonyesha eneo, cha tatu mtaa wa viwanja, cha nne kiwanja chenyewe, na tarakimu nne za mwisho ni za chumba au fleti iliyo ndani ya jengo lenye wenyeji wengi. Zikiwa sifuri zote nne, namba si ya fleti ya namna hiyo. Asiyeijua namba huandika anwani, na daftari humpa namba. Akiisha kuipata aweza kuichukua ofisi zote, nayo itamfungulia makadirio, rufani zilizopita, misamaha ya kodi, fedha zilizolipwa na zilizobaki, si za nyumba yake tu bali na za jirani.

Sasa hesabu. Tuseme Mthamini ameandika kwamba nyumba ingeuzwa dola 250,000. Nyumba ya kuishi hutozwa kwa sehemu ya kumi ya thamani, yaani dola 25,000. Majengo ya biashara ni asilimia 25. Serikali ya jimbo hutoa kila mwaka namba ya kuzidishia, ili makadirio ya kaunti zote yalingane, na kwa Cook namba hiyo imekuwa ikikaribia 3. Tuzidishe: 75,000. Mwenye nyumba akiwa aishi humo mwenyewe, na aliomba msamaha wake, hupunguziwa 10,000, zabaki 65,000. Kiwango cha kodi kikiwa asilimia 7, atalipa dola 4,550. Hesabu hii ni ya darasani, wala haimshindi mtu aliyejifunza kuzidisha na kutoa. Lakini tazama mambo mawili. Kama hakuomba msamaha, angelipa 5,250, yaani ametupa dola 700 kwa mwaka. Na kama Mthamini ameandika 300,000 kwa kukosea, kodi ni 5,600, na kosa hilo la kalamu limemtoza dola 1,050 zaidi.

Liko jambo moja ambalo wengi hawalijui, nalo ndilo kiini cha maneno yetu. Watu hudhani kwamba thamani ya nyumba zote ikipanda, serikali huvuna zaidi. Ikishuka, huvuna kidogo. Kwa Illinois sivyo. Shule, mji, bustani, kaunti na mabaraza mengine hupanga kwanza fedha wanazotaka, na shule ndizo zichukuazo sehemu kubwa. Kisha Karani hugawa jumla hiyo kwa thamani yote iliyo daftarini, na hapo ndipo kiwango kinapopatikana. Ni kama mchango wa harusi ambao kamati imekwisha kupanga jumla yake. Mjomba tajiri akiandikwa kidogo, kamati haipunguzi pilau. Upungufu wake hugawanywa kwa wapwa. Kwa hiyo makadirio ya jirani ni shauri lako pia. Kila dola anayopunguziwa mwenye jumba kubwa bila haki yaingia katika ankara ya mtu mwingine, ambaye hajui hata kwamba rufani ilipelekwa.

Mwezi wa Juni 2017 gazeti la Chicago Tribune lilianza kutoa makala zilizoonyesha jambo hilo kwa takwimu za Mthamini mwenyewe. Ilionekana kwamba nyumba za bei ndogo zilikadiriwa juu kuliko thamani yake, na nyumba za bei kubwa zilikadiriwa chini. Waandishi hawakuvunja kabati la mtu, walisoma daftari. Wakaona tena kwamba rufani, badala ya kuponya kosa, ziliongeza kidonda, kwa sababu waliozipeleka zaidi walikuwa ni watu wa mitaa yenye fedha na majumba yenye mawakili. Mthamini wakati huo alikuwa Joseph Berrios, ambaye pia alikuwa mwenyekiti wa chama cha Democratic katika kaunti hiyo. Wanachama wenzake walimwondoa katika uchaguzi wa mwanzo wa Machi 2018, wakampa nafasi Fritz Kaegi. Sisi twaona hilo ni jambo la kukumbukwa: wanachama walisoma hesabu, kisha wakapiga kura.

Rufani za kodi zimekuwa biashara nono pale Chicago. Edward Burke, aliyekaa katika Baraza la Mji tangu 1969 hadi 2023 na kushika kamati ya fedha kwa miaka mingi, alikuwa na ofisi ya uwakili iliyoshughulikia rufani hizo. Desemba 2023 mahakama ilimtia hatiani, na miongoni mwa makosa yake ni kutumia cheo chake ili wenye majengo wapeleke mashauri yao ya kodi katika ofisi yake. Mwenye nyumba ndogo hana haja ya wakili wa namna hiyo. Rufani ya nyumba ya kuishi aweza kuiandika mwenyewe, wala hatozwi ada.

Isidhaniwe kwamba kubadili Mthamini kulimaliza mambo. Ankara za kodi ya mwaka 2024, zilizochelewa hata zikatakiwa kulipwa Desemba 2025, ziliwashtua watu. Majengo ya ofisi ya katikati ya mji yalikuwa yameshuka thamani, na mzigo ukahamia kwa nyumba za kuishi. Ankara ya mwenye nyumba wa kati katika Chicago ilipanda kwa zaidi ya asilimia 16, na katika mtaa wa West Garfield Park, ambao si mtaa wa matajiri, ilizidi mara mbili. Ile harusi ni ile ile. Mjomba amefilisika, au asema amefilisika, na wapwa wameitwa tena.

Basi mtu afungue daftari atazame nini? Aanze na maelezo ya nyumba yenyewe: ukubwa wake, miaka yake, vyoo vingapi, ina banda la gari au haina. Mthamini haingii ndani ya nyumba milioni moja na zaidi. Hutumia maandishi ya zamani na mashine ya hesabu, na maandishi hayo huwa na makosa. Mtu huandikiwa banda lililobomolewa zamani, au chumba cha chini ya nyumba kilichojaa maji huandikwa kuwa kimepambwa. Kisha atazame nyumba tatu au nne za mtaa ule ule, zenye ukubwa na umri kama wake, aone zimekadiriwa kiasi gani kwa kila futi ya mraba. Akikuta yake imezidi, amepata hoja ya rufani. Kaunti hukadiriwa upya kwa zamu, theluthi moja kila mwaka. Barua ya makadirio mapya hutaja siku ya mwisho ya kukata rufani, na muda huo ni kama siku 30 tu. Akichelewa kwa Mthamini, Baraza la Mapitio nalo lina muda wake.

Halafu atazame misamaha. Wa mwenye nyumba aishiye humo, wa mzee wa miaka 65 na zaidi, na mwingine wa wazee wenye kipato kidogo, ambao huzuia makadirio yasipande lakini lazima uombwe kila mwaka. Hapa ndipo familia nyingi zinapoumia. Baba hufa, watoto hubaki nyumbani, na daftari laendelea kusema jina la marehemu. Ankara yaja kwa jina lake, nao hulipa kwa miaka. Lakini wakitaka msamaha huulizwa hati ya umiliki, na hati hawana, kwa sababu mirathi haikufunguliwa. Msomaji wa Magomeni au Kisumu hatahitaji kufafanuliwa jambo hili.

Kodi isipolipwa, Cook huiuza deni hilo mnadani. Mnunuzi hulipa kodi, kisha mwenye nyumba hupewa muda wa kulikomboa deni pamoja na riba; muda ukipita, aweza kuipoteza nyumba. Katika jimbo la Minnesota, kaunti ya Hennepin ilikwenda mbali zaidi. Mama mmoja, Geraldine Tyler, alikuwa na fleti ambayo kodi yake iliyobaki ilikuwa kama dola 2,300; kwa riba na faini ikafika 15,000. Kaunti ikaichukua fleti, ikaiuza dola 40,000 mwaka 2016, na fedha zote ikaziweka, hata zile 25,000 zilizozidi deni. Tarehe 25 Mei 2023 Mahakama Kuu ya Marekani, majaji wote tisa kwa kauli moja, ilisema kwamba kaunti haina haki ya kukaa na ziada hiyo. Mama Tyler alikuwa na umri wa miaka 94.

Mwisho, kwa ndugu walioko Cook: ukurasa wa Mweka Hazina huonyesha pia fedha zilizolipwa kupita kiasi na kusahauliwa, hata za miaka 20 iliyopita, pamoja na misamaha ambayo haikuombwa katika miaka ya karibuni. Yatosha kuandika anwani au zile tarakimu 14. Fomu ya kuomba kurudishiwa iko papo hapo.