Usicheze na Betri ya Mtumbwi!

Kama nyumbani kwenu mnavua dagaa, bila shaka kuna boksi moja zito jeusi linalokaa nyuma ya mlango, au chini ya kitanda, au pale jikoni karibu na mtungi wa maji. Ni betri ya taa za mtumbwi. Leo tunazungumza juu ya hilo boksi.

Najua utauliza: jarida la afya na betri, wapi na wapi? Subiri kidogo.

Kwa miaka mingi wavuvi wa dagaa wa Ziwa Victoria na Ziwa Tanganyika wametumia karabai. Karabai zina mwanga mkali, lakini zinakula mafuta ya taa, zinatoa moshi, na wapo waliounguzwa nazo. Siku hizi mitumbwi mingi imehamia kwenye taa za LED zinazowashwa na betri. Ni mabadiliko mazuri, hatuna ugomvi nayo. Lakini sasa jiulize, ni nani anayeipeleka betri kuchajiwa? Baba na kaka wamelala kwa sababu wamekesha ziwani. Mama yuko mwaloni anaanika dagaa. Basi unasikia: "We! Kabla hujaenda shule, peleka betri." Kwa hiyo mtu anayeishika betri kila siku ni wewe, na inawezekana hakuna aliyewahi kukueleza kilichomo ndani yake.

Betri ya gari si betri ya taa

Tuanze dukani, maana matatizo mengi huanzia hapo. Betri nyingi zinazouzwa mjini ni za kuwasha magari. Kazi yake ni kutoa umeme mwingi kwa sekunde chache, injini iwake, basi. Baada ya hapo injini yenyewe inairudishia umeme uliotumika. Ndani ina pleti nyingi nyembamba za risasi. Ukiifanyisha kazi ya kutoa umeme kidogo kidogo usiku kucha mpaka iishe, na kesho hivyo hivyo, zile pleti zinalika upesi. Baada ya miezi michache taa zinaanza kufifia saa nane usiku, katikati ya ziwa. Hapo dagaa wanatawanyika, lakini hilo ni dogo. Mtumbwi usio na mwanga hauonekani, na boti kubwa inayopita gizani haitajua kwamba mpo.

Betri ya taa inahitaji pleti nene. Dukani ulizia betri ya sola, kisha angalia ubavuni kama yameandikwa maneno ya Kiingereza *deep cycle*. Muuzaji akikuambia "zote ni sawa tu, bwana," nenda duka la pili.

Ukubwa je? Hapa ndipo hesabu zako za darasani zinapoleta faida nyumbani. Tuseme mtumbwi wenu una taa 3, kila moja wati 10. Jumla ni wati 30. Betri ni ya volti 12. Gawanya 30 kwa 12, unapata ampea 2.5. Taa zinawaka saa 10, yaani toka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Zidisha 2.5 kwa 10, unapata 25. Kwa hiyo kila usiku mnatumia ampea-saa 25. Kwenye betri kipimo hiki huandikwa Ah.

Sasa, mnunue betri ya Ah 25? Hapana! Betri ya risasi haipendi kukamuliwa mpaka tone la mwisho. Ukitumia nusu tu ya uwezo wake kisha ukaichaji, itaishi muda mrefu zaidi kuliko ile inayomalizwa kila usiku. Kwa hiyo mnahitaji angalau Ah 50, na kwa kuwa betri huzeeka kama sisi, chukueni ya 60 au 70. Mzee akilalamika bei, mwonyeshe hesabu kwenye daftari. Betri ndogo inayokufa kila baada ya muda mfupi ndiyo ghali.

Kuna pia betri za lithiamu. Ni nyepesi, unaweza kutumia sehemu kubwa zaidi ya umeme wake, na hazina asidi ya kumwagika. Bei yake ndiyo inayochoma, na zinahitaji chaja iliyotengenezwa kwa ajili yake, si ile ya betri ya risasi. Kama fedha ipo, ni nzuri. Wengi wetu bado tuko na za risasi, kwa hiyo tuendelee na hizo.

Ya maji au kavu?

Betri ya maji ina vifuniko juu, unaweza kufungua na kuongeza maji. Lakini ikilala ubavu inamwaga asidi. Ile ambayo watu huiita betri kavu imefungwa kabisa, huongezi kitu, na haimwagiki ovyo. Mtumbwi unayumba, we unajua. Kwa mtumbwi mdogo, kama mnaweza, chagueni iliyofungwa.

Kwa wasomaji wa pwani kuna sababu moja zaidi. Maji ya bahari yana chumvi. Yakiingia ndani ya betri na kukutana na asidi, hutoka gesi ya klorini, ambayo inaunguza macho na mapafu. Iwe baharini au ziwani, betri ikae ndani ya boksi la plastiki au la mbao lenye kifuniko, lililoinuliwa juu ya maji yanayojikusanya sakafuni, na lifungwe kwa kamba lisihame. Lakini kifuniko kiwe na matundu ya hewa. Sababu yake inakuja hapa chini. Weka pia fyuzi kwenye waya, karibu na betri, maana nyaya zikigusana bila fyuzi zinaweza kuwasha moto.

Kuichaji, kuinywesha

Betri ya Ah 50 ina uzito wa kama kilo 15. Usiibebe kichwani! Nimeona wanafunzi wakifanya hivyo mara nyingi. Ikivuja, asidi inashuka moja kwa moja machoni. Tumia baiskeli au toroli, na iwe imesimama wima.

Wakati wa kuchajiwa, betri ya risasi hutoa gesi ya haidrojeni. Mwalimu wa kemia amekwambia haidrojeni ikikutana na moto inalipuka. Inatosha kufika asilimia 4 tu hewani. Kwa hiyo betri haichajiwi chumbani mnamolala, wala jikoni, wala karibu na mtu anayevuta sigara. Ichaji mahali penye hewa inayopita. Zima chaja kwanza ndipo uchomoe nyaya, ili cheche isiruke.

Kama mnachaji kwa sola, paneli ya wati 100 yenye jua zuri la saa 5 hivi inatosha kurudisha zile Ah 25 za usiku mmoja. Lazima pawe na kontrola katikati. Kuunganisha paneli moja kwa moja kwenye betri ni kuichemsha.

Betri ya maji hupungua maji yake. Yakishuka, pleti zinabaki uchi na kuharibika. Ongeza mpaka maji yafunike pleti kwa kama sentimeta moja, na fanya hivyo baada ya kuchaji, isipokuwa pleti tayari ziko wazi. Na hapa soma kwa makini: unaongeza maji yaliyochujwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri. Huongezi asidi. Madukani chupa za vitu hivi viwili hukaa pamoja na hufanana sana. Asidi ya ndani haipungui kwa kuchaji, kinachopungua ni maji. Ukiongeza asidi unaua betri na kujihatarisha. Maji ya ziwani au ya bomba nayo hapana, yana chumvichumvi.

Ukifungua vifuniko, vaa miwani na glovu. Mwandishi wa makala haya akiwa kidato cha pili alifungua betri akiwa amevaa sare. Hakuona kitu siku ile. Sare ilipofuliwa tu, suruali ikatoka na matundu kama nyavu ya dagaa! Kicheko cha darasa zima, we acha tu. Lakini ingekuwa jicho, nani angecheka?

Asidi ikikugusa, osha kwa maji safi mengi yanayotiririka, kwa dakika 20 au zaidi. Vua nguo iliyoloa. Kama ni jichoni, fumbua jicho huku unamiminiwa maji, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yameisha. Usipake dawa ya meno, usipake mafuta. Mdogo wako akiinywa, usimtapishe. Mkimbize hospitali.

Wiki ya mbalamwezi

Hili watu wengi hawalijui. Mwezi ukiwa mkubwa, wavuvi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa hazivuti samaki vizuri. Betri inarudishwa nyumbani ikiwa imetumika, inawekwa kwenye kona, inasahauliwa mpaka giza lirudi. Kumbe siku hizo za mapumziko ndizo zinazoiua! Betri ya risasi ikikaa bila chaji, pleti zake huota ukoko mgumu mweupe ambao baadaye hautoki. Ukiichaji tena inajaa haraka ajabu, unafurahi, kisha ziwani inaisha upesi vile vile.

Kwa hiyo siku ile mtumbwi unapopumzika, ichaji ijae kabisa ndipo uiweke. Nunua mita ndogo ya kupimia volti, si ghali. Iache betri itulie saa chache bila kuwasha kitu, halafu pima. Volti 12.6 au zaidi imejaa. Volti 12.2 iko karibu na nusu, ichaji. Ikifika 11.9 umeichelewesha. Ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vichwa vya nyaya, fungua waya hasi kwanza, safisha kwa maji ya vuguvugu yenye magadi ya kuokea, kausha, kaza, paka grisi.

Ikifa, usiipasue

Sasa tumefika kwenye sababu hasa ya makala haya.

Betri ikifa, kuna mtu atasema: "Tuipasue, tutoe risasi, tuyeyushe tupate chubwi za nyavu." Risasi huyeyuka kwa nyuzi 327 tu, jiko la mkaa linatosha. Hapo ndipo penye mtego, kwa kuwa kazi inaonekana rahisi na hakuna anayeanguka siku hiyo. Mvuke na vumbi la risasi havina harufu ya kukuonya. Vinatua uani, kwenye nguo, kwenye sufuria, kwenye mikono ya mtoto anayetambaa.

Risasi ikiingia mwilini inakwenda kwenye damu, ubongo na mifupa. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama. Mtoto mdogo hufyonza mara 4 hadi 5 zaidi ya mtu mzima kutokana na kile anachomeza. Anaweza kuwa mzito wa kujifunza maisha yake yote. Mama mjamzito humpitishia mtoto aliye tumboni. Kwa wingi, risasi huleta degedege na kifo.

Si hadithi za kutisha watu. Katika mtaa wa Thiaroye sur Mer, Dakar, nchini Senegal, watu walikuwa wakitoa risasi kwenye betri kuukuu, na baadaye familia zikachekecha mchanga wa eneo lile ili kupata mabaki ya kuuza. Kati ya Novemba 2007 na Machi 2008 watoto 18 walikufa. Karibu zaidi na sisi, huko Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha risasi ya betri kilifanya kazi pembeni mwa makazi ya watu. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi za Kenya bilioni 1.3, na kesi ikaendelea kwa rufaa kwa miaka kadhaa.

Kwa hiyo betri iliyokufa uzeni nzima, haijafunguliwa, na asidi yake ndani. Wauza betri wengi huipokea kuukuu na kupunguza bei ya mpya. Mnunuzi akikuambia umwage asidi kwanza ili apime uzito, kataa, maana atakayebaki na uchafu huo uani ni wewe. Chubwi zinapatikana kwenye maduka ya zana za uvuvi, na wazee wetu walitumia mawe.

Na kama kwenu mlishawahi kuyeyusha? Usikae na siri hiyo. Wadogo zako wasicheze pale. Sakafu ipigwe deki kwa kitambaa chenye maji, isifagiliwe ikiwa kavu, maana ufagio unarusha vumbi. Nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake, na mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula. Kisha wapelekeni watoto na mama mjamzito kituo cha afya. Mweleze tabibu wazi kwamba nyumbani mliyeyusha betri. Maumivu ya tumbo, uchovu na upungufu wa damu hufanana na minyoo au malaria, na asipoambiwa hatafikiria kupima risasi.